Alamisho za Urambazaji katika Vitabu vya Kidijitali: Jambo la Kukagua Kabla ya Kulipa

Kila bidhaa ina namna yake ya kukaguliwa. Mnunuzi wa kanga huikunjua doti nzima aone kama pande zote mbili zimekamilika. Mnunuzi wa nazi huitikisa karibu na sikio asikilize maji. Mnunuzi wa kitabu cha karatasi hufunua kurasa za mwanzo, za kati na za mwisho ili ahakikishe kwamba hakuna karatasi iliyoruka wala iliyochapwa kichwa chini. Mnunuzi wa kitabu cha kidijitali, hata hivyo, aghalabu hulipa kwanza, akapakua, kisha ndipo akafahamu alichouziwa. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Katika somo hili tunakusudia kueleza kasoro moja ambayo haionekani katika picha ya jalada wala katika bei, lakini humgharimu msomaji kila siku anapokitumia kitabu chake. Kasoro hiyo ni kukosekana kwa alamisho za urambazaji. Tutaeleza alamisho hizo ni nini, zinamsaidiaje msomaji, zinakaguliwaje, na mnunuzi afanye nini anapouziwa kitabu kisichokuwa nazo.

1. Maana ya alamisho za urambazaji

Urambazaji, kwa maana tunayoitumia hapa, ni kwenda kutoka mahali pamoja hadi pengine ndani ya kitabu. Alamisho za urambazaji ni orodha ya sura, sehemu na vichwa vidogo vya kitabu iliyowekwa na mchapishaji ndani ya faili lenyewe. Orodha hiyo hufunguka kando ya ukurasa, na kila jina lililomo ni kiungo: msomaji akiligusa, kitabu hufunguka papo hapo mahali panapohusika.

Hatuna budi kuzitofautisha na mambo mawili yanayofanana nazo. La kwanza ni alamisho ya msomaji, yaani alama anayoiweka mwenyewe ili akumbuke alipoishia. Hiyo ni sawa na kipande cha karatasi kinachowekwa katikati ya kitabu. Mara nyingi huhifadhiwa na programu ya kusomea, wala si sehemu ya kitabu chenyewe. La pili ni ukurasa wa Yaliyomo uliochapwa mwanzoni mwa kitabu. Ukurasa huo waweza kuwa na viungo au usiwe navyo. Na hata ukiwa navyo, msomaji aliyefika ukurasa wa 210 hulazimika kwanza kurudi mwanzoni ndipo autumie. Alamisho za urambazaji hupatikana kutoka ukurasa wowote alipo msomaji.

Miundo miwili ya vitabu vya kidijitali ndiyo inayopatikana zaidi. Muundo wa PDF, ulioanzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, huhifadhi sura ya ukurasa kama ulivyochapwa. Katika muundo huu alamisho huruhusiwa lakini hazilazimishwi. Hivyo mchapishaji anaweza kutoa kitabu cha kurasa 600 bila hata alamisho moja, na faili likafunguka kama kawaida. Muundo wa EPUB, kwa upande wake, hupanga upya maandishi kulingana na ukubwa wa skrini. Toleo la tatu la EPUB, lililotolewa mwaka 2011, linamtaka mchapishaji aweke orodha ya urambazaji katika kila kitabu. Lakini sharti hilo halizuii uzembe: orodha yaweza kuwapo ikiwa na majina mawili tu, «Jalada» na «Mwanzo».

2. Kwa nini nambari ya ukurasa haitoshi

Baadhi ya wauzaji husema kwamba alamisho si muhimu kwa kuwa kitabu kina nambari za kurasa. Hoja hiyo haina nguvu kwa sababu mbili.

Kwanza, katika PDF nambari iliyochapwa kwenye ukurasa na nambari inayohesabiwa na programu mara nyingi hazilingani. Tuchukue kitabu chenye karatasi 12 za awali, yaani jalada, haki za mchapishaji, shukrani, yaliyomo na dibaji. Ukurasa uliochapwa nambari 1 utakuwa wa 13 katika hesabu ya programu. Mwanafunzi anayeambiwa na mwalimu afungue ukurasa wa 45, akiandika 45 katika programu yake, hufikishwa ukurasa uliochapwa nambari 33. Mchapishaji makini anaweza kulisahihisha jambo hili kwa kuzifanya hesabu hizo mbili zilingane, lakini wengi hawafanyi hivyo.

Pili, katika EPUB kitabu hakina kurasa za kudumu. Mwenye macho dhaifu akikuza herufi, kitabu kilichokuwa na skrini 300 chaweza kuwa na skrini 700. Kumwambia msomaji wa namna hiyo «tazama ukurasa wa 45» ni kumpa anwani ya nyumba iliyokwisha kuhama.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wamelifahamu jambo hili tangu zamani kupitia vitabu vyao vitakatifu. Mwislamu hakitafuti kifungu kwa nambari ya ukurasa. Hutaja sura na aya, na kwa sura 114 za Kurani mwenzake hupafikia mahali palepale hata kama msahafu wake ulichapwa nchi nyingine. Mkristo hutaja kitabu, mlango na mstari, naye hueleweka katika takriban kila toleo la Biblia. Anwani hizo hutegemea mpangilio wa maandishi, wala si karatasi. Alamisho za urambazaji hufanya vivyo hivyo kwa kitabu cha sheria, cha kilimo, cha uuguzi au cha shule.

3. Kwa nini kutafuta neno hakutoshi

Hoja ya pili ya wauzaji ni kwamba msomaji anaweza kuandika neno na programu ikalitafuta. Tunakubali kwamba huduma hiyo ni ya manufaa makubwa. Hata hivyo, kwa msomaji wa Kiswahili ina mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza unatokana na lugha yetu. Maneno ya Kiswahili hubadilika mwanzoni. Programu nyingi hutafuta mfuatano wa herufi zilezile zilizoandikwa. Hivyo anayetafuta «mtoto» hatapata mahali palipoandikwa «watoto», na anayetafuta «jino» hatapata «meno». Kinyume chake, anayetafuta «haki» atapewa pia «hakika», «uhakika», «hakimu» na «mhakiki», akalazimika kuchambua matokeo mengi yasiyomhusu. Ni vema kutafuta kwa shina la neno: «miliki» itampatia msomaji «kumiliki», «umiliki», «mmiliki» na «wamiliki» kwa pamoja. Lakini hata shina halisaidii pale mwandishi alipotumia neno jingine kabisa lenye maana ileile.

Mpaka wa pili ni wa vitabu vilivyopigwa picha. Kitabu cha karatasi kikiskaniwa bila maandishi yake kutambuliwa na kompyuta, kila ukurasa ni picha tu. Msomaji huona maneno, lakini programu haioni neno hata moja. Katika kitabu cha namna hiyo, kama hakuna alamisho, njia iliyobaki ni kupekua ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Mpaka wa tatu ni kwamba kutafuta humfaa ajuaye anachokitafuta. Msomaji anayekutana na somo kwa mara ya kwanza hajui istilahi zake. Huhitaji kwanza kuiona ramani ya kitabu: somo lina sehemu ngapi, ipi hutangulia, na jambo lake limo wapi.

Tutoe mfano. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina ibara 152 zilizopangwa katika sura 10. Mwananchi mwenye mgogoro wa kiwanja anataka kusoma haki yake ya kumiliki mali. Katika faili lenye alamisho atafungua Sura ya Kwanza, kisha Sehemu ya Tatu inayohusu haki na wajibu muhimu, kisha ibara ya 24. Ni miguso mitatu. Zaidi ya hayo, njiani ataona majina ya haki nyingine ambazo huenda hakujua kuwa anazo. Katika faili lililopigwa picha bila alamisho, mwananchi huyohuyo atapekua kurasa nyingi katika skrini ndogo, na si ajabu akakata tamaa na kuamini maneno ya yeyote anayemwambia kwamba Katiba haisemi lolote juu ya kiwanja chake.

4. Wanaoathirika zaidi

Kukosekana kwa alamisho humkera kila msomaji, lakini kuna makundi ambayo huathirika kuliko mengine.

La kwanza ni wasomaji wasioona na wenye uoni hafifu. Hao hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti. Mwenye kuona anaweza kupitisha macho juu ya kurasa kumi kwa haraka. Asiyeona husikiliza neno kwa neno. Bila vichwa na alamisho za kurukia, kitabu kwake ni kama kanda moja ndefu isiyo na mahali pa kusimama. Yafaa ikumbukwe kwamba orodha ya urambazaji iliyotumika katika EPUB ya awali ilitokana na kazi ya Jumuiya ya DAISY, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya vitabu vya sauti vya wasioona. Kilichobuniwa kwa ajili yao leo chatunufaisha sote. Kadhalika, Tanzania, Kenya na Uganda ni miongoni mwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaorahisisha utengenezaji wa nakala za vitabu zinazoweza kusomwa na watu wenye ulemavu wa kuona.

La pili ni wanaosoma kwa simu. Katika kompyuta msomaji huona ukurasa mzima. Katika simu huona aya moja au mbili, na kupekua kurasa mia moja kwa kidole ni kazi ya kuchosha. Aidha, kitabu kinachosomwa mtandaoni bila kupakuliwa hula bando kwa kila ukurasa unaofunguliwa, ukiwamo ule usiohitajika.

La tatu ni wanaotumia kitabu kazini. Mhudumu wa afya anayethibitisha kipimo cha dawa katika mwongozo wa matibabu, fundi anayetafuta mchoro wa nyaya, na karani anayeulizwa kifungu cha kanuni mbele ya mteja, hao hawasomi kitabu toka mwanzo hadi mwisho. Hukifungua kwa haraka wakiwa na swali moja. Kwa mhudumu wa afya, kuchelewa au kufungua mahali pasipo sahihi kwaweza kumdhuru mgonjwa.

5. Namna ya kukagua

Ukaguzi ufuatao hauhitaji utaalamu. Ufanye katika sampuli ya bure inayotolewa na maduka mengi ya vitabu, au mwombe muuzaji akuonyeshe faili katika simu yake kabla hujalipa.

(a) Fungua orodha. Tafuta alama ya mistari midogo iliyopangana au neno «Yaliyomo» juu au kando ya skrini. Orodha ikifunguka, alamisho zipo. Isipofunguka, usimlaumu muuzaji mara moja: baadhi ya programu za simu hazionyeshi alamisho hata kama zimo. Jaribu programu nyingine, au fungua faili hilo katika kompyuta.

(b) Gusa mara tatu. Gusa jina la mwanzo, la katikati na la mwisho, uone kama kila moja linakufikisha panapostahili. Katika sampuli, majina ya mwisho huenda yasifunguke kwa kuwa sura hizo hazimo; hilo si kosa.

(c) Linganisha. Weka orodha hiyo sambamba na ukurasa wa Yaliyomo. Kitabu chenye sura 14 na alamisho tano kina upungufu.

(d) Soma majina. Jina kama «Sura ya 3: Mikataba ya Ajira» humsaidia msomaji. Orodha ya «ukurasa wa 1, ukurasa wa 2, ukurasa wa 3» haimsaidii chochote.

(e) Jaribu kuchagua neno. Bonyeza neno moja kwa kidole na ulishikilie. Neno likichaguliwa peke yake, kitabu kina maandishi halisi. Kama halichaguliki kabisa, huenda unauziwa picha za kurasa, na hapo alamisho ni za lazima zaidi.

Kitabu kifupi cha hadithi moja, kisicho na sura, hakihitaji alamisho nyingi. Tunachosisitiza ni kwamba kitabu cha kurejelewa, kama vile cha shule, sheria, tiba, ufundi au mapishi, hakijakamilika bila hizo.

6. Kama kitabu unacho tayari na hakina alamisho

Hatua ya kwanza ni kumwandikia muuzaji na kuomba nakala iliyosahihishwa. Kwa mchapishaji mwenye faili la asili, kuongeza alamisho ni kazi nyepesi.

Wakati unangoja, weka alamisho zako mwenyewe mwanzoni mwa kila sura na uzipe majina, kama programu yako inaruhusu. Kumbuka kwamba huenda zikapotea ukibadilisha simu au kufuta programu. Kwa hiyo andika pia katika daftari jina la kila sura na nambari yake katika hesabu ya programu. Wenye kompyuta wanaweza kutumia programu ya kuhariri PDF kuongeza alamisho ndani ya faili lenyewe, isipokuwa kama faili limefungwa na mchapishaji.

Tunatoa tahadhari mbili. Kwanza, faili lenye alamisho laweza kuzipoteza linapopunguzwa ukubwa, linapounganishwa na jingine, au linapohifadhiwa upya kwa njia ya kuchapa. Hifadhi daima nakala ya awali. Pili, usipeleke faili lenye taarifa zako binafsi, kama vile mkataba au cheti, katika tovuti usiyoijua inayoahidi kulitengeneza bure.

7. Kwa walimu na wachapishaji wadogo

Wengi wanaouza vitabu vya kidijitali ni walimu na waandishi wanaoandaa kazi zao wenyewe. Kwao tunasema kwamba alamisho hazihitaji gharama. Mwandishi akitumia mitindo ya vichwa iliyomo katika programu ya kuandikia, badala ya kukoza na kukuza herufi kwa mkono, programu huitambua kila sura. Anapohifadhi kazi yake kama PDF, achague sehemu inayoagiza alamisho ziundwe kutokana na vichwa. Asitumie amri ya kuchapa, kwa kuwa mara nyingi huziacha alamisho nje. Mwisho, alifungue faili katika simu na kulikagua kama mnunuzi.

8. Haki na wajibu wa mnunuzi

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji kwa maelezo yasiyo ya kweli. Sheria hiyo haitaji alamisho kwa jina. Lakini muuzaji aliyetangaza kwamba kitabu chake kina «yaliyomo yenye viungo», kisha akatoa picha za kurasa, ametoa maelezo yasiyolingana na bidhaa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Juni 2025, vitabu vya kielektroniki vimewekwa chini ya masharti ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kuvitumia. Ni dalili kwamba namna kitabu kinavyotumika huhesabiwa sasa kuwa sehemu ya ubora wake.

Mnunuzi naye ana wajibu wa kuuliza kabla ya kulipa na kutunza ushahidi: tangazo la muuzaji, ujumbe wa muamala na picha ya skrini inayoonyesha kasoro. Malalamiko yaandikwe kwa ufupi na kwa adabu, kama ifuatavyo:

«Ndugu Muuzaji, tarehe ____ nilinunua kwenu kitabu ____ kwa shilingi ____. Tangazo lenu lilieleza kwamba kina yaliyomo yenye viungo. Nimekifungua katika programu mbili tofauti na nimeona kwamba hakina. Naomba nipatiwe nakala iliyosahihishwa au nirudishiwe fedha zangu ndani ya siku 14. Nimeambatanisha risiti na picha ya skrini.»

Asipopata jibu, mnunuzi awasilishe malalamiko hayo pamoja na vielelezo vyake katika ofisi inayoshughulikia masuala ya watumiaji.

Maswali ya kujipima

1. Kuna tofauti gani kati ya alamisho ya msomaji na alamisho za urambazaji?
2. Kitabu cha PDF kina karatasi 8 za awali zisizohesabiwa. Ukiandika 60 katika programu, utafikishwa ukurasa uliochapwa nambari ngapi? (Jibu: 52.)
3. Kwa nini anayetafuta neno «mkulima» anaweza kukosa sehemu muhimu ya kitabu cha kilimo?
4. Fungua kitabu kimoja cha kidijitali ulicho nacho na ukikague kwa hatua (a) hadi (e). Kama kimeshindwa, mwandikie aliyekuuzia.